Kisanduku cha Kidakani

Niliweka kisanduku kwenye ukuta wa kanisa la kijiji chetu ili nipate sababu ya kwenda kumwona dada yangu. Watu niliwapa sababu nyingine. Niliwaambia kwamba ni mchezo, kwamba kanisa letu ni la kale na linastahili wageni, na kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia, mambo ya latitudo na longitudo ndiyo ugali wangu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na dada, ambaye alikuwa hajazungumza nami kwa miaka miwili, na kosa lilikuwa langu.

Nianze na hilo kosa, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Siku tuliyomzika mama, dada ndiye aliyesimamia sufuria. Mimi nilitoka Lindi mjini alfajiri, sikuwa nimelala, na nilikuwa na hasira na kila kitu: dereva, vumbi, jua, hata watu walionipa pole. Tuliporudi kutoka makaburini tukaketi kwenye mikeka, wanawake upande wetu, sinia zikaletwa. Nikatia tonge mdomoni, mchele ukalia kwenye meno. Basi nikasema, kwa sauti yangu ya darasani ambayo haijawahi kujua kunong'ona, "Dada, hata siku ya kumzika mama unatulisha ubwabwa mbichi?"

Huku kwetu unaweza kumtupia mtu maneno mengi na baada ya wiki akayasahau, lakini mpishi wa msiba hasemwi mbele za watu, na asisemwe kabisa na mfiwa mwenzake. Dada aliweka mwiko chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Sinia ziliendelea kuzunguka na watu walikula bila kuinua macho.

Tangu siku hiyo nilibaki na neno moja tu kutoka kwake. Mimi ni mdogo, kwa hiyo kila nilipokutana naye nilimwamkia, "Shikamoo, dada." Na yeye, kwa kuwa shikamoo haikataliwi hata ikitoka kwa mbaya wako, alijibu, "Marahaba." Kisha alitazama pembeni, na mazungumzo yakawa yamekwisha. Miaka miwili nililishwa marahaba. Mara moja nilijaribu kumwomba radhi nyumbani kwake. Nilianza vizuri, nikasema siku ile nilikuwa nimechoka na nimechanganyikiwa, halafu ulimi wangu ukaongeza, "Lakini na wewe, dada..." Hiyo "lakini na wewe" ndiyo iliyoniharibia. Aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji.

Mchezo wenyewe niliuokota Kilwa. Tulikuwa tumewapeleka wanafunzi kutembea, mimi na mwenzangu anayefundisha fizikia, mwanamke wa Pande, Mwislamu, mcheshi kupita kiasi. Wanafunzi wakiwa wanakula, tukaona mtu na mkewe, wageni wenye kofia pana, wanalizunguka jiwe kubwa, simu mkononi, wakichungulia kila ufa. Mwenzangu akadhani wamepoteza ufunguo, akaenda kusaidia. Kumbe walikuwa wanatafuta kisanduku. Wakatueleza kwamba dunia nzima kuna watu wanaoficha visanduku vidogo, wanaandika kwenye mtandao namba za mahali vilipo, na watu wengine wanavitafuta kwa simu. Ndani kuna daftari la kutia saini na vitu vidogo vidogo. Ukichukua kimoja, unaacha kingine.

"Na anayekipata anapewa zawadi gani?" mwenzangu akauliza.

Wakasema hakuna zawadi.

"Basi mnatafuta nini?"

Yule mama akacheka, akasema wanatafuta kisanduku. Mwenzangu alinigeukia na uso wa mtu aliyesikia kwamba kuna watu wanatwanga maji kwa hiari yao. Mimi nilikuwa tayari nimeinama nyuma ya jiwe. Nilikipata kabla yao. Sijui kama walifurahi, ila mimi nilifurahi mpaka Lindi.

Wiki hiyohiyo nikajiandikisha, na nikajua pa kuweka cha kwangu. Kanisa letu lilijengwa na wamisionari enzi za babu wa babu zetu, la mawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu yako haifiki nje wala ndani. Ukuta wa nyuma una kidaka, kile kishimo cha kuwekea taa, na ndani ya kidaka kuna jiwe moja lililolegea. Nyuma ya jiwe hilo panaingia kopo la plastiki la mfuniko wa kubana. Na kutoka kwenye kidaka hicho, ukinyoosha shingo kidogo kupita mikorosho miwili, unaona jiko la dada yangu.

Masharti ya mchezo yanataka uombe ruhusa kwa mwenye mahali. Nilimwendea padri, ambaye huja kigangoni kwetu kila wiki ya pili. Alisikiliza, akacheka, akakubali. Jumapili iliyofuata akatangaza kwa kifupi kwamba kwenye kidaka cha nyuma kuna kitabu, wageni watakuja kuandika, wasisumbuliwe. Mchezo hakuueleza. Nami sikumkumbusha, kwa sababu sharti lingine linasema siri isimwagwe kwa wasiocheza.

Basi nikapata safari zangu. Kila mwisho wa mwezi nilipanda basi, kisha bodaboda mpaka kijijini, eti nakwenda kukagua kopo kama limeingia maji. Mwenzangu wa fizikia alinisindikiza mara mbili tatu. Alinitazama nikikagua kopo kwa dakika moja na kukagua jiko la dada kwa nusu saa.

"Mwenzangu," akasema, "wewe kisanduku umeshakipata. Nenda kabishe hodi."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Wewe fundisha fizikia yako."

Wageni walikuja mmoja mmoja. Mtu na mumewe kutoka Mbeya waliandika kwa Kiswahili kizuri kwamba wamefika, wamekipata, wameacha kibanio cha nywele na kuchukua kifungo. Wengine waliandika kwa lugha zao. Nilikuwa nasoma nikiona fahari, kana kwamba kanisa nililijenga mimi.

Mwezi wa nne au wa tano tangu nikiweke, nikafungua daftari nikakuta juu kabisa, kwenye nafasi tupu kabla ya wageni, maandishi ya penseli ambayo hayakuwa ya mgeni. *Namwombea mume wangu mgongo.* Chini yake, mkono mwingine: *Mikorosho yetu isipate ugonjwa wa ubwiri unga mwaka huu.* Chini yake: *Mimi si wa kanisa hili, mimi ni jirani, lakini Mungu ni mmoja. Mbuzi wangu jike mwenye doa jeupe hajaonekana tangu Ijumaa.*

Nikaelewa kilichotokea. Kwetu, mtu akitaka aombewe kwenye misa, anaandika nia yake kwenye karatasi na kumpelekea katekista. Padri alikuwa amesema kuna kitabu kidakani. Watu wa kijiji chetu wakijumlisha kitabu, kanisa na penseli, hawapati mchezo. Wanapata nia za misa.

Nilifoka peke yangu pale ukutani. Nilikuwa na ramani, namba zenye desimali tano, kopo lisiloingia maji, na watu wamenijazia mbuzi! Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika kwa herufi kubwa: *HIKI NI KITABU CHA MCHEZO. ANDIKA JINA NA TAREHE, BASI.* Nikapigia mstari mara mbili.

Mwezi uliofuata nikakuta jibu, kwa mwandiko wa mviringo, wa mtu asiye na haraka: *Tumeelewa. Namwombea aliyeandika hapo juu, Mungu ampunguzie ukali.*

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu sikucheka tena, kwa sababu nilikuwa nimekaa palepale ninapoona jiko la dada, na dada alikuwa nje anapepeta mchele, peke yake, ungo ukipanda na kushuka. Zamani kazi hiyo tulikuwa tukiifanya pamoja: yeye anapepeta, mimi naokota mawe na kumsimulia umbea wa mjini. Nilikuwa na hamu naye kupita kiasi. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu na nilikuwa namlilia dada kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Nikachukua penseli. Nilijiambia kwamba anayesoma daftari hili baada yangu atakuwa mgeni wa mbali, mtu wa Mbeya au wa ng'ambo, asiyenijua mimi wala dada. Nikaandika: *Ubwabwa wa msiba wa mama haukuwa mbichi. Ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu, nikautupa kwa dada. Ee Mungu, nirudishie dada yangu, maana sina mwingine.* Sikutia jina. Nikafunga kopo, nikarudisha jiwe, nikapita nyuma ya mikorosho ili asinione, nikarudi Lindi.

Sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu msimamizi wa kanisa letu, ikafika. Siku hiyo kijiji chote huja, wa kanisa na wasio wa kanisa. Mbuzi huchinjwa na jirani zetu Waislamu ili kila mtu ale kwa amani, na wao hukaa kwenye baraza ya pembeni wakisubiri misa iishe na pilau iive. Mwenzangu wa fizikia alikuja nami kwa ajili ya pilau, hakuficha. Akaketi barazani na akina mama wa pale, karibu na mlango wa pembeni. Mimi nikaingia ndani. Dada alikuwa mstari wa nne mbele yangu, kanga mpya, shingo imenyooka. Nilikuwa nimeshamwamkia mlangoni na kupokea marahaba yangu.

Ulipofika wakati wa maombi ya waamini, katekista akasimama. Ni mtu mwema, lakini ana tabia moja: husoma kila kilichoandikwa. Aliwahi kutusomea tangazo la ndoa mpaka akamalizia na jina la kiwanda cha karatasi lililokuwa chini. Akavaa miwani, akainua kitu kidogo mkononi. Nikaona jalada la bluu. Lilikuwa daftari langu.

"Wapendwa," akasema, "padri alitutangazia kitabu cha nia. Nimekikuta kimejaa, na hakuna aliyekisoma. Leo ni sikukuu, tutaziombea zote."

Padri aligeuza kichwa haraka. Alikuwa amechelewa.

"Namwombea mume wangu mgongo."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," watu wakaitikia.

"Mikorosho yetu isipate ugonjwa wa ubwiri unga mwaka huu."

Hapo waliitikia kwa nguvu, mpaka barazani. Ikaja zamu ya nia ya mbuzi mwenye doa jeupe. Kutoka nje sauti ya mwanamke ikajibu, "Alionekana! Alhamdulillahi!" na katekista, bila kutikisika, akasema basi tunashukuru, watu wakaitikia vilevile.

"Tumefika kutoka Mbeya, tumekipata. Tumeacha kibanio cha nywele, tumechukua kifungo."

Kanisa lilisita kidogo. Kisha, kwa kuwa watu wetu hawamwachi mgeni kutoka Mbeya na shida zake, wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Padri alikuwa ameshika leso mdomoni. Maandishi ya lugha ngeni yalimshinda katekista, akayaruka.

"Hiki ni kitabu cha mchezo," katekista akasoma kwa sauti kubwa zaidi, maana herufi zilikuwa kubwa. "Andika jina na tarehe, basi."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

"Tumeelewa. Namwombea aliyeandika hapo juu, Mungu ampunguzie ukali."

Mwitikio wa hapo sitausahau. Kabla sijahamia Lindi nilifundisha nusu ya kijiji, au watoto wao, na walioandika kidakani walikuwa wameshauona mwandiko wangu wa herufi kubwa, wanaoujua kutoka ubaoni. Kutoka barazani nilisikia kicheko cha mwenzangu wa fizikia kikikwama kwenye mtandio. Lakini mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekumbuka kinachofuata.

Nilifikiria kusimama na kupiga kelele. Nilifikiria kuzimia. Kabla sijachagua, katekista akalamba kidole, akageuza ukurasa.

"Ubwabwa wa msiba wa mama," akasoma, "haukuwa mbichi."

Kila mtu aliyekuwa na shingo aliigeuza. Hakuna msiba mwingine kijijini kwetu uliokuwa na ubwabwa wa kusemwa. Katekista mwenyewe alisita, akanitazama juu ya miwani, nami nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kutosoma. Lakini tabia ni tabia. Akaendelea polepole, kwa upole kuliko mwanzo. "Ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu, nikautupa kwa dada. Ee Mungu, nirudishie dada yangu, maana sina mwingine."

Nilikuwa nimemtia aibu mbele ya kijiji kizima, na kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa natafuta namna ya kumwomba radhi pembeni, gizani, kwenye kopo. Sasa maneno yangu yalikuwa yametandazwa mbele ya watu walewale waliokaa kwenye mikeka ile. Uso uliniwaka. Hata hivyo, sitadanganya, mzigo fulani ulishuka mabegani wakati huohuo.

Watu hawakuitikia mara moja. Wote walikuwa wanautazama mgongo wa dada. Nami niliutazama. Kisha nikasikia sauti moja, kavu, inayojulikana, ikianza peke yake: "Ee Bwana." Ilikuwa yake. Kanisa zima likamdaka na kumalizia.

Misa ilipokwisha nilibaki nimekaa mpaka benchi zikawa tupu. Nilipotoka kwa mlango wa pembeni alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. Nikasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema. Nikasubiri atazame pembeni. Hakutazama pembeni. "Umemdanganya Mungu mbele ya watu."

"Nimefanyaje tena?"

"Ubwabwa ulikuwa mbichi." Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini sauti haikuwa nayo. "Kuni zilikuwa zimenyeshewa usiku kucha, watu wamejaa uwanjani, na mama yetu yumo ndani amelala. Nililia juu ya sufuria ile mpaka sikuona kilichoiva na kisichoiva. Mbichi nilijua ni mbichi. Nilikuwa nakungoja wewe ufike unishike mkono. Ungekuja pale jikoni, ungeninong'oneza, tungeuongezea moto wote wawili."

Sikuwa na "lakini na wewe". Nilisema, "Nisamehe, dada," na mara hii ulimi ukakomea hapo. Alinivuta kichwa kwa nguvu akakigonga begani kwake, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo akitaka ninyamaze. Tukalia kidogo, tukapenga kamasi kwenye kanga moja, yake, na akalalamika kwamba ni mpya.

"Haya," akasema. "Wapishi wote wamekimbilia kukusengenya. Sufuria ziko peke yake."

Tukazunguka nyuma ya kanisa. Sufuria tatu za pilau zilikuwa kwenye mafiga, moshi unatambaa chini, akina mama wamesimama vikundi vikundi wakijifanya wanaokota kuni. Mwenzangu wa fizikia alikuwa miongoni mwao, sahani tayari mkononi. Dada akanipa mwiko. Nikafunua sufuria kubwa, nikageuza pilau kutoka chini kwenda juu, mvuke ukanipiga usoni, harufu ya bizari na iliki ikanijaa kichwani. Nilikuwa na hakika imeiva. Nikamtazama.

Alichota punje chache kwa ncha za vidole, akatia mdomoni, akatafuna akiwaangalia wale wanawake waliokuwa wanatusubiri tuseme kitu. Kisha akainamisha kichwa mpaka midomo yake ikagusa sikio langu.

"Bado," akaninong'oneza.

Nikafunika sufuria, tukachochea moto.